Sitaki Shamba la Bure, Nataka Kukodi

Tuliporudi kutoka Kakamega, shirika lililotupeleka liliniomba niandike hadithi ya mafanikio. Ukurasa mmoja, picha mbili, na mwishoni niseme safari imenibadilisha vipi. Nimejaribu mara tatu. Kila nikianza kushukuru, hasira inapita mbele. Kwa hiyo ule ukurasa nimeuacha, nimeleta haya kwenye jarida letu, kwa sababu hapa hakuna mtu wa kunipimia maneno na rula.

Tulikuwa vijana sita kutoka vikundi vya vijana vya Kakuma na Kalobeyei. Ziara ya mafunzo, siku nne. Kabla ya kuondoka tulikalishwa semina. Muwezeshaji akarusha picha ukutani: mashamba ya kijani, soko limejaa, mama anacheka na kikapu. Akasema, huu ni mji uliokuzwa na dhahabu. Dhahabu ikaisha, watu wakageukia kilimo, leo wanajitegemea. Na nyinyi vilevile: msaada umepungua, geukieni kujitegemea. Tukapiga makofi. Si unajua semina, soda zilikuwa bado hazijagawiwa.

Nilikwenda, nikaona kwa macho yangu. Mashamba ya kijani yapo kweli. Lakini yule muwezeshaji aliruka jambo moja katikati ya hadithi yake, na jambo hilo ndilo linalotuua sisi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Kamituga, Kivu ya Kusini, upande wa Mwenga. Ndugu Walega mnaosoma mnaijua. Wabelgiji walianza kuchimba dhahabu pale enzi zao, kampuni moja ikaachia nyingine, na mpaka leo mtu wa Kamituga anazaliwa juu ya dhahabu, anakufa chini yake, na katikati hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba pale anapolala ni pake. Baba yangu alikuwa krezeri, ndivyo tunavyowaita wachimbaji. Mama yangu alikuwa mmoja wa wale wamama wa kutwanga: anakaa chini na kinu cha chuma, anaponda mawe ya watu mpaka yawe unga, analipwa kwa mchanga uliobaki. Nimelala usiku mwingi nikisikia huo mlio. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua ilijaza maji mashimo ya Kamituga, watu karibu 50 wakabaki chini. Sisi tulikuwa tumeshafika Kakuma. Majina tuliyapata kwa WhatsApp, moja moja, kama mtu anayekusomea rejesta ya darasa lako.

Kwa hiyo ukiniambia neno dhahabu, mimi siwazi pete.

Pasi yangu ya kutoka kambini niliisubiri wiki tano. Ilikuja ya siku kumi. Kutoka Kakuma unapita Lodwar, Lokichar, Kainuk, halafu gari linaanza kupanda milima upande wa Marich, masikio yanaziba, na ukifika Kapenguria unaomba sweta kwa mtu usiyemjua. Kitale, Webuye, Malava, Kakamega. Kwenye kizuizi kimoja njiani askari aliisoma karatasi yangu mara mbili, akanitazama, akauliza: "Wewe unaenda kutembea ama kupotea?" Nikamwambia, afande, naenda kuona mahindi. Basi zima likacheka, na mimi nikacheka. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni.

Tulikaa upande wa Shinyalu, soko dogo kilomita chache kutoka Kakamega mjini. Ukisimama pale ukatazama mashariki unaona ukingo wa Nandi umesimama kama ukuta, na chini yake msitu. Mashamba ni madogo madogo, yamebanana: mahindi na maharagwe pamoja, ndizi nyuma ya nyumba, miwa, majani ya chai huku juu. Hakuna sehemu ya udongo iliyo wazi. Mvua ya huko kwa mwaka inakaribia milimita 2,000. Kwetu hapa mara nyingi haifiki 400, na hiyo ikija, inakuja siku mbili na kubeba nyumba ya mtu.

Msitu wa Kakamega ni kipande kilichobaki, upande wa Kenya, cha ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo. Mimi sikujua. Niliingia tu, nikanusa majani yaliyooza na maji, nikasimama. Wenzangu wakadhani nimekanyaga kitu. Nilikuwa nimekanyaga njia ya kwenda shambani kwa bibi yangu. Miaka kumi sijanusa hiyo harufu.

Ndani ya msitu huo kuna kilima kinaitwa Lirhanda, na ubavuni mwake kuna shimo. Wageni wanaliita pango. Si pango, ni shimo la dhahabu la wakati wa mkoloni. Sasa wenyewe ni popo. Tukaingia tukiwa tumeinama, tochi za simu mbele, popo wakipiga kelele juu ya vichwa. Mzee aliyetuongoza akatuambia habari ambayo nimeifuatilia baadaye, na naomba mwisome pole pole.

Mwaka 1930 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kulinda ardhi za wenyeji, Native Lands Trust Ordinance. Sheria ilisema ardhi ya hifadhi za wenyeji ni yao milele. Ikilazimu kipande kichukuliwe kwa kazi ya umma, watapewa kingine cha ukubwa uleule, na baraza lao la wenyeji litaulizwa kwanza. Watu wakaambiwa walale usingizi.

Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Wakati huo walowezi walikuwa na hali mbaya, bei ya mahindi imeanguka dunia nzima, nzige wamekula kilichobaki. Wakaacha mashamba yao wakamiminika na mahema, kila mmoja anapiga vigingi kwenye kipande chake, mito inachujwa, migomba ya watu inang'olewa, miti ya msitu inakatwa kushikilia mashimo. Na mwezi wa Desemba 1932 sheria ikabadilishwa. Ardhi yenye madini sasa ingeweza kuchukuliwa bila kutoa ardhi nyingine badala yake, pesa inatosha, na baraza la wenyeji si lazima liulizwe.

Milele ilidumu miaka miwili.

Kelele zilipigwa mpaka bunge la Uingereza. Wenyeji wenyewe hawakunyamaza. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 waliunda chama chao, North Kavirondo Central Association, wakaandika barua na malalamiko kuhusu ardhi, kwa lugha ya mkoloni, kwa mpangilio wa mkoloni. Watu wa kambi mnaelewa hiyo kazi. Ni kama sisi na masanduku ya malalamiko.

Halafu dhahabu ikawa ndogo kuliko tamaa. Wengi waliokuja na vigingi walikuta mchanga mtupu, wakang'oa mahema. Mgodi mkubwa wa Rosterman, nje kidogo ya mji, ulidumu zaidi, nao ukafungwa mwaka 1952. Wageni wakaondoka. Waliobaki ni wale waliokuwa na shamba kabla ya dhahabu, na shamba lilikuwa bado liko chini ya miguu yao.

Hapo ndipo muwezeshaji wetu aliporuka. Watu wa Kakamega hawakugeukia kilimo siku dhahabu ilipoisha. Walikuwa wakulima tangu mwanzo. Walibahatika: dhahabu yao haikutosha kuwafukuza. Yetu ya Kamituga ilitosha.

Sasa naongea na nyinyi vijana wenzangu, kisha nitarudi kwa wenye vesti.

Siku ya tatu tulipelekwa Rosterman. Kampuni iliondoka zamani lakini watu hawajaacha. Wanachimba kwenye mabaki, mashimo membamba kama kisima, kamba, ndoo, kijana anateremka bila kofia. Pembeni wamama wamekaa chini wanaponda mawe. Nikausikia ule mlio. Nilisimama mbele ya mama mmoja nikashindwa kuondoka.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mwanangu. Umetoka wapi, mbona unanitazama hivyo?"

"Kakuma, mama."

"Kwa wakimbizi? Huko kuna dhahabu?"

"Kuna jua."

Akacheka sana, akanipa jiwe nikalie. Nikamwambia mama yangu alifanya kazi hiihii. Akanyamaza kidogo, akaniangalia mikono. Nikamuuliza kama inalipa. Akasema, "Wiki hii inalipa, wiki ijayo unakula vumbi. Hii ni ya karo ya mtoto." Halafu akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa barabara, mahindi yamesimama. "Ugali unatoka kule. Singekuwa na kule, hii ingeshaniua."

Nyuma yake kijana mmoja alikuwa anachoma dhahabu. Mnaojua mnajua: unga wa jiwe unaoshwa, zebaki inatiwa, inashikana na dhahabu, halafu inawekwa motoni ili zebaki iruke, dhahabu ibaki. Inaruka kwenda wapi? Inaingia kwenye pua. Inakaa kwenye ubongo na figo, mikono inaanza kutetemeka, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo alikuwa amekaa karibu na huo moto anakula ndizi. Nilimhamisha. Mwenye moto aliniuliza kama mimi ni daktari.

Naandika haya kwa sababu mwaka jana vijana watatu wa kikundi changu walitoka kambini bila pasi wakaenda kwenye machimbo ya dhahabu hukuhuku Turkana. Wawili walirudi. Wa tatu ukuta wa shimo ulimwangukia. Sitaandika jina lake, mama yake husomewa jarida hili kila linapotoka. Lakini nasema wazi kwamba wiki moja kabla hajaondoka alikuja kwangu, akauliza kama kuna kazi. Nikampa fomu ya mafunzo ya ujasiriamali. Alinitazama tu. Alikuwa na cheti cha hayo mafunzo tayari. Alikuwa nacho mara mbili.

Vijana, shimo halina urafiki na mtu asiye na pa kurudi. Yule mama wa Rosterman anaweza kuliacha jiwe lake leo jioni akala. Wewe ukiingia shimoni bila kitambulisho, bila pasi, bila ndugu pale, mwenye shimo anajua huwezi kumshtaki, mnunuzi anajua huwezi kuuza kwingine, na mzani wake mdogo unapima vile anavyotaka. Baba yangu alichimba miaka kumi na minne. Alichotuachia ni kikohozi, naye akakibeba.

Haya, sasa nyinyi wenye vesti.

Nawajua mnatusoma. Wengine wenu ni watu wa moyo, hata karatasi ya jarida hili tumeipata kwenu. Na najua pasi hamtoi nyinyi, inatoka ofisi ya serikali, kazi yenu ni barua ya kuunga mkono. Kwa hiyo siwatukani. Lakini neno lenu kujitegemea nimelichoka, na nitasema kwa nini.

Nina vyeti sita. Ujasiriamali, kuweka akiba, bustani ya magunia, kufuga kuku, kutengeneza sabuni, na kimoja cha uongozi ambacho sikumbuki tulifundishwa nini. Bustani ya gunia niliianza. Mche wa sukuma wiki unahitaji maji kila siku, bomba la mtaa wetu linatoa maji masaa machache na foleni ni ndefu, na mama mwenye watoto watano hawezi kunipisha ati mimi nina gunia. Sukuma ikakauka. Mtu wa tathmini alipokuja alipiga picha gunia la jirani.

Mwaka 2025 chakula kilipokatwa, tukapangwa makundi manne. Kundi la nne, ndio wanaoweza kujitegemea, wasipewe. Jirani yangu anayekaanga mandazi akajikuta huko. Mandazi yake anawauzia nani? Watu wa kundi la kwanza na la pili, wanaolipa kwa pesa ya msaada. Msaada ukipungua, mandazi yanalala. Sasa anategemea nafsi yake na nafsi yake ina njaa. Na wale waliokuwa wanasubiri ndege ya Marekani, mlango ulifungwa Januari 2025. Wazee wetu wengine bado wanakaa na mabegi yamefungwa. Nawaheshimu, lakini begi halipikwi.

Kule Shinyalu nilikutana na kujitegemea kwa kweli, na hakuna aliyekuwa amekusemea neno hilo. Kuna mwanamume mmoja pale, si mwenyeji, ametoka kaunti nyingine, hakuja na shamba wala pesa ya kununua. Amekodi nusu ekari kwa bibi mmoja mjane, wote wanamwita kukhu. Watoto wa kukhu wako Nairobi, mgongo wake hautaki jembe tena. Wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari, shilingi elfu sita kwa mwaka, mzee wa kijiji akaweka sahihi. Jamaa amepanda sukuma, managu na maharagwe. Asubuhi anabeba magunia kwa bodaboda mpaka soko la Kakamega mjini. Kwa miaka mitatu hajashindwa kulipa kodi. Nilimuuliza siri yake. Alinitazama kama mjinga. "Siri gani? Mvua iko, soko liko, mimi niko."

Mimi niko. Hilo ndilo jambo lililorukwa kwenye semina. Mbegu, mafunzo, gunia, mkopo, yote yanasimama juu ya hilo moja: mtu awepo pale shamba lilipo, kuanzia siku ya kupanda hadi siku ya kuvuna, bila kuogopa kizuizi.

Jioni ya mwisho tulikula kwa kukhu, ugali na mrenda, na kuku mmoja tuliyegawana watu tisa. Tulikuwa tumemsaidia kupalilia mchana. Akasema, "Nyinyi mnajua jembe. Huku chini kwa mto kuna nusu ekari nyingine imelala. Si mje wanne, watano, mlime mvua ya Machi? Mtanilipa mkishavuna." Nikakaa kimya. Nikamwambia, kukhu, pasi yangu inaisha Jumamosi.

"Pasi? Ya kunyoosha nguo?"

Wote wakacheka. Ilibidi nimweleze. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mahindi nayo yanapewa siku kumi?"

Hilo swali nimelibeba kutoka Shinyalu hadi Kakuma na nalileta kwenu. Mahindi ya Kakamega yanapandwa Machi, yanavunwa karibu na Agosti. Maharagwe ni miezi mitatu. Sukuma wiki, ukishahamisha miche, unangoja mwezi mmoja na nusu mpaka miwili ndipo uanze kuchuma. Kwa siku kumi dania ndiyo kwanza inachungulia. Hakuna mmea wowote Mungu aliouumba unaoiva ndani ya pasi yetu. Halafu mnatufundisha kilimo.

Kwa hiyo ombi langu ni moja na linaingia kwenye sentensi moja: tupewe pasi ya msimu. Kuanzia kupanda hadi kuvuna, kwa mtu mwenye makubaliano ya kukodi yaliyotiwa sahihi na mwenye shamba na mzee wa kijiji. Tarehe ya kwenda ijulikane, ya kurudi ijulikane, mahali pajulikane. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inatutambua kama watu wanaoweza kufanya kazi na biashara. Ule mpango mkubwa unaoitwa Shirika ulizinduliwa Machi 2025, nao unasema makambi yageuke miji na sisi tuingie kwenye uchumi. Vizuri sana. Basi uchumi una barabara, tuacheni tuipite.

Najua majibu, nimeyasikia yote.

Mtasema usalama. Sawa, lakini mtu mwenye nusu ekari ya maharagwe ndiye mtu rahisi kupatikana duniani. Kila asubuhi yuko palepale, ameinama. Anayepotea ni yule aliyetoka usiku bila karatasi kwenda shimoni.

Mtasema Kakamega wenyewe ardhi haiwatoshi. Ni kweli, niliona mashamba yaliyogawanywa mpaka mtu analima pembeni mwa kaburi la babu yake. Lakini mimi siombi kupewa. Kukhu ana nusu ekari imelala na mgongo unauma, mimi nina mgongo na sina ekari. Hayo ni makubaliano ya watu wazima wawili. Akiona mwenyeji atamlipa zaidi, ampe mwenyeji.

Mtasema, kwa nini uende mbali, Turkana ni pana, tutawatafutia ardhi hapahapa. Hapo naomba tusikilizane vizuri, hasa na wenzangu wa kambi wanaopenda kusema "serikali itupe shamba". Ardhi ya Turkana ina wenyewe. Hata ikionekana tupu, ina njia za mbuzi, ina visima, ina miti ambayo kila mmoja una mwenyewe kwa ukoo. Jirani zetu Waturkana wametupokea tangu 1992, na wengi wao wana njaa kuliko sisi. Mwaka 1932 watu wa Kakamega walibadilishiwa sheria bila kuulizwa kwa sababu kuna wageni waliokuwa na shida na haraka. Walowezi wale nao walikuwa na shida za kweli, nzige walikuwa nzige. Sitaki mimi niwe sababu ya mwenye ardhi kutoulizwa. Ikiwa Waturkana wenyewe, kwa baraza lao, wanataka kutukodisha, nitakuwa wa kwanza kupanga foleni. Kutolewa shamba mkononi mwa mtu mwingine na kupewa mimi kama zawadi, hapana. Nimetoka mahali ambapo ardhi inatolewa namna hiyo. Ndiyo maana niko hapa.

Na wengine wenu mtasema, kijana, hayo ni mambo ya sera, sisi tuna bajeti ya mafunzo tu. Basi hiyo bajeti muitumie hivi: mkiandika mradi mwingine wa kilimo kwa vijana, andikeni ndani yake kwamba mafunzo hayaanzi mpaka pasi za msimu ziwe zimekubaliwa. Mfadhili akiuliza kwa nini, mwambieni swali la kukhu. Mkishindwa kupata pasi, msifanye mafunzo. Hiyo pesa nunueni unga. Cheti cha saba sina pa kukiweka.

Sisi vijana pia tuna la kufanya. Tukipewa hiyo pasi tuirudishe siku iliyoandikwa. Mmoja akitoroka kwenda Nairobi na pasi ya msimu, atakuwa amewafungia mlango mia nyuma yake, na mimi ndiye nitakayemtaja kwenye mkutano, hata awe rafiki yangu. Nimeshawaambia wanne niliojiandikisha nao. Wawili ni Wakongo, mmoja Mrundi, mmoja ni msichana wa Sudan Kusini aliyekulia hapa, hajawahi kuona mahindi yakimzidi urefu.

Maombi yetu sisi watano yako ofisini tangu Novemba. Tumeambatanisha karatasi ya daftari, sahihi ya kukhu, yaani dole gumba lake, na ya mzee wa kijiji. Kila Jumatatu naenda kuuliza. Wanasema fomu hiyo haina aina yake, pasi ni ya matibabu, masomo, au safari fupi. Nawaambia hii ni ya maharagwe.

Juzi kukhu alimwambia yule jamaa anipigie simu. Anasema mto umeanza kujaa juu, mawingu yako Nandi, na shamba la chini ameliacha kama tulivyoliacha. Atangoja mpaka mvua ya kwanza. Ikinyesha na sisi hatujafika atampa mtu mwingine, na sitamlaumu.